Sura ya Sita: Miezi Miwili Isiyo na Maziwa

Siku ng'ombe anapokaushwa, ndoo ya kukamulia inatundikwa ukutani na debe la pumba linahamia kwenye hori la ng'ombe mwingine. Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili na gunia moja la pumba anajua vizuri ni yupi anayeleta hela ya chumvi na sare za shule, na huyo ndiye anayempa. Yule mwenye mimba ya miezi saba anabaki na mabua, majani yaliyokomaa, na kipande cha shina la mgomba jioni. Akizaa, debe litarudi kwake.

Sura hii inahusu miezi miwili hiyo, na hoja yake naitoa mapema: sehemu kubwa ya maziwa ya msimu ujao huamuliwa wakati ambao ng'ombe hatoi hata kikombe kimoja. Anayengoja azae ndipo aanze kumlisha amechelewa, na debe analolirudisha baada ya kuzaa haliwezi kufidia yote yaliyopotea. Katika ufugaji wetu wa ng'ombe wawili watatu wa bandani, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Lushoto, Njombe na Rungwe, na ng'ambo ya mpaka huko Kiambu na Nyandarua, silijui kosa la ulishaji lililo rahisi kulifanya kuliko hili, wala lililo gumu kuligundua. Hasara yake haionekani siku inapofanyika. Inaonekana miezi mitatu baadaye, na wakati huo lawama huangukia mbegu, au huangukia ng'ombe mwenyewe.

Tuanze na kinachoendelea tumboni. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280. Kwa muda mrefu wa kipindi hicho ndama hukua polepole, kiasi kwamba mama yake anaweza kuendelea kukamuliwa bila taabu. Kisha mambo hubadilika. Karibu theluthi mbili ya uzito ambao ndama atazaliwa nao huongezeka katika theluthi ya mwisho ya mimba. Ndama atakayefika kilo 35 anapata zaidi ya kilo 20 kati ya hizo ndani ya miezi michache ya mwisho, na pamoja naye kondo, maji ya uzazi na mfuko wa uzazi navyo vinakua. Kufikia mwezi wa mwisho, ng'ombe huyu ambaye machoni petu hafanyi kazi yoyote anahitaji karibu mara moja na nusu ya nguvu anazohitaji ng'ombe asiye na mimba wala maziwa.

Wakati mahitaji yanapanda, uwezo wa kula unashuka. Ndama anabana tumbo kubwa, homoni za uzazi zinabadilika, na katika wiki mbili tatu za mwisho ulaji unaweza kupungua hata kwa theluthi moja. Ndiyo maana kumjazia hori mabua na kusema "chakula kipo, hakimaliziki" si jibu. Hakimaliziki kwa sababu hana pa kukiweka. Katika wiki hizo kila kilo inayoingia inapaswa kuwa na lishe zaidi ya ile ya wiki zilizotangulia.

Kiwele nacho kina kazi. Seli zinazotengeneza maziwa huchoka, na katika kipindi cha ukavu nyingi huondolewa na nafasi zao kuchukuliwa na mpya. Mtafiti E. W. Swanson wa Chuo Kikuu cha Tennessee nchini Marekani alilionyesha jambo hili mwaka 1965 kwa njia ambayo sijaona iliyo wazi zaidi. Alichukua jozi za ng'ombe mapacha wa kufanana. Mmoja katika kila jozi alikaushwa siku 60 kabla ya kuzaa, mwenzake akaendelea kukamuliwa hadi siku ya kuzaa. Wale wasiopumzishwa walitoa asilimia 75 tu ya maziwa ya pacha zao katika msimu wa pili, na asilimia 62 katika msimu wa tatu. Damu ilikuwa moja, matunzo yalikuwa mamoja, na tofauti ilikuwa pumziko tu. Anayeendelea kukamua lita mbili mbili za mwezi wa mwisho anazikopa kutoka msimu unaofuata, kwa riba kubwa sana.

Wazo la kumlisha ng'ombe kwa makusudi kabla ya kuzaa lina historia yake. Mwaka 1928, katika kongamano la dunia la maziwa lililofanyika Uingereza, mtaalamu wa kilimo Robert Boutflour aliwaambia wafugaji wa nchi yake kwamba walikuwa wanaanza kulisha wakiwa wamechelewa. Alitaka ng'ombe aanze kupewa chakula cha ziada wiki kadhaa kabla ya kuzaa, kiasi kikiongezwa hatua kwa hatua, ili siku ya kuzaa imkute mwili umejaa na tumbo limezoea. Ng'ombe wa Uingereza wakati huo walipitisha majira ya baridi kwa nyasi kavu na mizizi, wakazaa wamekonda. Walipolishwa alivyoshauri, maziwa yaliongezeka, na ushauri huo ukasambaa duniani hadi ukafika kwenye mafunzo ya ugani ya Afrika Mashariki.

Baadaye wanasayansi walianza kuutilia shaka. Katika mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani, ambako ng'ombe hula saileji ya mahindi mwaka mzima, nyongeza ya nafaka kabla ya kuzaa ilizaa ng'ombe wanono, na ng'ombe mnono ana matatizo yake: huzaa kwa shida, hukosa hamu ya kula baada ya kuzaa, mafuta ya mwili yakaporomokea kwenye ini, na damu ikajaa sumu za ketosisi. Katika miaka ya 2000, James Drackley na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba ng'ombe anayelishwa kupita mahitaji yake wakati wa ukavu hula kidogo na kuugua zaidi akishazaa. Waliwashauri wafugaji wao wachanganye majani makavu yaliyokatwakatwa ili kushusha nguvu katika chakula.

Mfugaji wa Rungwe akisoma habari hizo mbili kwa pamoja anaweza kuchanganyikiwa, kwa kuwa mtaalamu mmoja anasema ongeza na mwingine anasema punguza. Mimi naona wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa ng'ombe aliyekuwa mbele yake. Ng'ombe wa Illinois alikuwa na hatari ya kunenepa. Wa kwetu, aliyepitisha kiangazi kwa mabua ya mahindi, mbavu zake zinahesabika ukiwa barabarani. Kumletea huyu onyo la unene ni kumpa mwenye njaa dawa ya shibe. Kabla ya kufuata ushauri wa yeyote, pamoja na huu wangu, mguse ng'ombe wako.

Nasema mguse, kwa sababu macho hudanganywa na manyoya na tumbo la mimba. Wataalamu hutumia kipimo cha 1 hadi 5, 1 akiwa mifupa mitupu na 5 akiwa mnono kupita kiasi. Simama upande wa nyuma, weka kiganja kwenye mifupa mifupi inayochomoza pembeni mwa kiuno, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Ukihisi ncha kali mara tu unapogusa, na ngozi imezama katikati yake, huyo yuko kwenye 2 au chini. Ukilazimika kubonyeza kidogo ndipo uhisi mifupa, na shimo la pande mbili za mkia ni dogo, amefika 3. Usipoihisi hata ukikandamiza, na shina la mkia limezungukwa na mafuta, amepita 4. Unamtaka azae akiwa kati ya 3 na 3.5. Upimaji wa kwanza ufanyike mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya kukausha, kwa sababu ng'ombe anayekamuliwa bado hurudisha mwili vizuri, na ukavu wa siku 60 hautoshi kumtoa kwenye 1.5 hadi 3.

Kwa nini mwili una maana kubwa hivyo? Hesabu itatusaidia. Ng'ombe wa kilo 400 hutumia karibu megajuli 50 za nguvu kwa siku ili aishi tu, apumue, asimame, acheue. Kila lita ya maziwa inadai megajuli 5 nyingine. Akitoa lita 15 anahitaji jumla ya 125. Mabingobingo mazuri, yaliyokatwa kabla hayajakomaa, yana kama megajuli 8 katika kila kilo ya ukavu wake, yaani baada ya kuondoa maji. Akila kilo 11 za ukavu, ambazo ni mzigo wa kilo 60 hivi za majani mabichi, anapata 88. Pengo ni megajuli 37 kila siku, na hiyo ni iwapo atamaliza mzigo wote. Kwa wiki za kwanza baada ya kuzaa hawezi kuumaliza. Maziwa hufika kileleni kati ya wiki ya 4 na ya 8, lakini ulaji hufika kilele chake wiki kadhaa baadaye. Katikati ya vilele hivyo viwili ng'ombe anakula mwili wake.

Hivyo ndivyo alivyoumbwa, na haitupasi kulizuia jambo hilo lisitokee kabisa. Kilo moja ya mwili anayoipoteza ina nguvu za kutengeneza lita 5 hivi za maziwa. Aliyezaa na akiba ya kutosha anaweza kupoteza nusu kilo kwa siku kwa wiki kadhaa na kukupa lita mbili na nusu za ziada kila siku bila kuugua. Aliyezaa akiwa amekonda hana cha kutoa. Atafanya jambo moja tu linalowezekana: atashusha kilele. Badala ya kufika lita 14 ataishia 11. Wataalamu wa maziwa hukadiria kwamba kila lita moja inayopungua kileleni ni karibu lita 200 zinazopotea katika msimu mzima, kwa sababu kutoka kileleni maziwa hushuka taratibu yakianzia pale yalipofika. Lita tatu ni 600. Zidisha kwa bei ya maziwa ya kijijini kwako. Kisha weka pembeni gharama ya kilo 2 za chakula cha ziada kwa siku 60, ambazo ni kilo 120, karibu magunia mawili na nusu ya kilo 50. Si kila ng'ombe atarudisha lita zote 600, maana uzao na maji na magonjwa yana sehemu yake. Lakini hata akirudisha nusu, hesabu inasimama.

Hasara ya pili haionekani kwenye ndoo. Ng'ombe anayeporomoka sana baada ya kuzaa hapati joto kwa wakati, au hupata joto bubu lisiloonekana, na hata akihimilishwa mimba haishiki. Mwili wake unahesabu kwamba si wakati wa kubeba ndama mwingine. Hapo ndipo tunapata ng'ombe wanaozaa kila baada ya mwaka mmoja na nusu, na mfugaji anamlaumu mtaalamu wa uhimilishaji kwa mbegu mbovu, wakati chanzo kilikuwa kwenye hori miezi mitano iliyopita.

Sasa, namna ya kumlisha. Kosa huanzia kwenye ushauri ulio sahihi. Ili maziwa yakauke haraka, ni kweli kwamba unaondoa pumba na mashudu kwa siku kadhaa, unampa majani ya kawaida, unaacha kukamua, na daktari wa mifugo anaweka dawa ya kukaushia kwenye chuchu ili kuzuia ugonjwa wa kiwele. Kiwele kikishanywea, baada ya wiki moja au zaidi kidogo, chakula cha ziada kinapaswa kurudi. Kwa wengi hakirudi. Ule upungufu wa siku chache unageuka kuwa utaratibu wa miezi miwili.

Kwa ng'ombe aliye chini ya 3, kilo 2 kwa siku ni kianzio kizuri: sehemu mbili za pumba za mahindi kwa moja ya mashudu ya alizeti au ya pamba. Protini ya mashudu ni ya lazima, maana mafuta ya mwili yanaweza kumpa nguvu baada ya kuzaa lakini hayawezi kumpa protini. Asiye na fedha ya mashudu apande miti. Utafiti uliofanywa Embu nchini Kenya ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya karibu kilo 1 ya chakula cha dukani. Mstari wa kaliandra au lukina kwenye mpaka wa shamba ni kiwanda cha protini kisichodai nauli. Kwa ng'ombe aliyekwisha fika 3.5, mpe majani mazuri, na chakula cha ziada usimpe mpaka wiki tatu za mwisho, tena kidogo.

Wiki tatu hizo za mwisho zina sababu yao hata kwa ng'ombe aliyenawiri. Tumboni mwake wanaishi bakteria wa aina nyingi, wengine wa kusaga majani, wengine wa kusaga wanga. Ukuta wa ndani wa tumbo kubwa una vichomozo vidogo vya nyama vinavyonyonya lishe, navyo hufupika ng'ombe akila makapi matupu. Bakteria huhitaji kama wiki tatu kuzoea chakula kipya, na vichomozo huhitaji wiki nne hadi sita kurefuka tena. Ukimpa kilo 5 za pumba kwa ghafla kesho yake baada ya kuzaa, unamwaga wanga kwenye tumbo lisilo tayari. Tindikali inapanda, anaacha kula, anaharisha, kwato zinauma. Watu husema "pumba zimemkataa." Pumba hazina kosa, hakutayarishwa tu. Akishazaa, ongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili huku ukiangalia maziwa na kinyesi.

Hapa lazima nizungumze kwa kirefu kuhusu homa ya maziwa, kwa sababu inaua ng'ombe bora, wale walio wazuri kwa maziwa, na kwa sababu katika sehemu zetu za migomba tunailea bila kujua. Siku ya kuzaa kiwele huvuta kalsiamu kwa nguvu ya ajabu. Lita 10 za dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, zina gramu 23 hivi za kalsiamu. Katika majimaji yote ya damu ya ng'ombe kuna gramu 3 tu kwa wakati mmoja. Zinazobaki lazima zitolewe haraka kutoka kwenye mifupa na chakula. Mfumo wa kuzitoa ukichelewa, misuli inaishiwa nguvu. Masikio yanapoa, anayumba, anaketi, shingo inajikunja kuelekea ubavuni, na bila tiba anakufa. Jina lina neno homa, ilhali mwili wake ni baridi.

Zamani wengi waliopata ugonjwa huu walikufa. Mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmark, Schmidt wa Kolding, alianza kujaza dawa yenye ayodini ndani ya viwele, na ng'ombe wakaanza kuinuka. Muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba hata hewa tupu ikipulizwa kiweleni inatosha. Hakuna aliyejua sababu, hadi mwaka 1925 Dryerre na Greig wa Edinburgh walipoeleza kwamba tatizo ni upungufu wa kalsiamu katika damu: kiwele kilichojaa hewa kilikuwa kimezuiwa kuivuta. Leo daktari wa mifugo anaingiza kalsiamu polepole kwenye mshipa, na ng'ombe aliyelala kama mfu anaweza kusimama na kujisaidia palepale. Anayefika mapema anamwokoa. Asimnyweshe mtu chochote kwa chupa ng'ombe aliyelala hivyo, maana koo limelegea na dawa itaingia mapafuni.

Watafiti wa Norwe, Ender na Dishington, ndio waliotuonyesha jinsi chakula cha kabla ya kuzaa kinavyohusika. Potasiamu na sodiamu nyingi katika chakula hufanya damu ielekee upande wa alkali, na katika hali hiyo mifupa haisikii vizuri amri ya homoni inayoitaka itoe kalsiamu. Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Shina la mgomba, ambalo zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, lina potasiamu nyingi na karibu halina protini. Molasi nayo ina potasiamu nyingi. Na yale mabingobingo yaliyo nyuma ya banda, yenye kijani kizito kuliko yote kwa sababu mkojo na samadi vinatiririkia hapo kila siku, hujaa potasiamu kuliko majani mengine shambani.

Kwa hiyo, kwa ng'ombe aliyekwisha zaa mara mbili na sasa anakwenda uzao wa tatu au zaidi, hasa mwenye damu ya Jersey, na hasa aliyewahi kuugua, badilisha majani katika wiki tatu za mwisho. Mpe nyasi za mbali. Kilimanjaro akina mama wamekuwa wakipandisha nyasi kutoka tambarare ya chini kwa miaka mingi, kichwani na sasa kwa gari. Nyasi hizo ndizo za ng'ombe huyu, na mabingobingo ya nyuma ya banda apewe anayekamuliwa. Mgomba umwondolee au uupunguze mno, na molasi pia. Chokaa, lusini na madini yenye kalsiamu nyingi nayo yasimame, kwa sababu mwili uliozoea kupewa kalsiamu tele husahau kuitoa mifupani. Kama duka la pembejeo lina madini maalumu ya ng'ombe waliokaushwa, nunua hayo. Siku ya kuzaa kalsiamu irudi kwa wingi. Na kama aliwahi kuugua, usimkamue mpaka tone la mwisho siku ya kwanza. Mwachie ndama anyonye vizuri, ubakize. Mtamba wa uzao wa kwanza hana haja ya tahadhari zote hizi, kwani mifupa yake bado ni myepesi kutoa.

Nikizungumzia mtamba, kuna hofu ninayoisikia kila mahali: "Daktari, nikimlisha si ndama atakuwa mkubwa, ashindwe kutoka?" Ukubwa wa ndama hutegemea zaidi dume lililochaguliwa kuliko debe la pumba. Mtamba aliyenenepa kupita kiasi huzaa kwa shida, hilo ni kweli, kwa sababu mafuta hubana njia. Lakini mtamba aliyenyimwa chakula huzaa kwa shida pia, maana anaishiwa nguvu za kusukuma, kisha kondo la nyuma linabaki, na ndama anatoka dhaifu, asiweze kusimama kunyonya ndani ya saa zile chache ambazo kinga ya dang'a inaweza kupita kwenye utumbo wake. Ukitaka ndama mdogo, mwambie mtaalamu wa uhimilishaji akupe mbegu ya dume linalojulikana kwa uzao mwepesi.

Linabaki suala la majira, na hapa wafugaji hodari hunaswa. Tunapenda ng'ombe azae mvua zikianza, majani yakiwa mengi. Ni mpango mzuri. Lakini angalia kalenda. Anayezaa katikati ya Machi Kilimanjaro alihimilishwa mwanzoni mwa Juni, na amekauka tangu katikati ya Januari: ukavu wake wote umeangukia kiangazi. Anayezaa katikati ya Desemba Nyanda za Juu Kusini amepitisha Oktoba na Novemba, mwisho wa kiangazi, pale ambapo hata mabua yamekwisha. Ng'ombe aliyepangiwa kuzaa kwenye neema amepangiwa pia kubeba miezi migumu ya mimba kwenye njaa. Mpango huo unakamilika tu kama chakula cha siku 60 kimewekwa kabla: tuseme marobota 20 ya hei ya kilo 15, yaliyokatwa nyasi zikiwa bado na lishe, na yakafungiwa yasiguswe na ng'ombe mwingine. Andika tarehe ya kuhimilishwa ukutani, siku hiyohiyo. Bila tarehe hiyo hujui lini ukaushe wala lini urudishe debe, na kila nilichosema hapo juu kinakuwa cha kubahatisha.

Najua pia kwamba wapo wanaoyajua haya yote na bado debe halirudi, kwa sababu hela haipo. Vyama vingi vya ushirika wa maziwa, Kenya na Tanzania, huwakopesha wanachama chakula cha mifugo na kukata deni kwenye maziwa wanayopeleka. Ni huduma nzuri sana. Ila ina tundu moja: ng'ombe akikaushwa, maziwa hayaendi kituoni, na mkopo unakatika. Mwenye ng'ombe mmoja hunyimwa chakula kwa miezi miwili ileile ambayo chakula kina faida kubwa kuliko miezi yote ya mwaka. Ombi langu kwa viongozi wa ushirika ni hili: wekeni mkopo wa ng'ombe aliyekaushwa. Kilo 120 kwa kila ng'ombe mwenye mimba iliyothibitishwa na mtaalamu, zitolewe kwa awamu, zilipwe kwa makato madogo katika miezi mitatu ya kwanza ya maziwa. Mfugaji atalipa kwa maziwa ambayo bila mkopo huo yasingekuwapo, na lita hizo zitapita kwenye mizani ya kituo chenu.